Nilikunywa kabla sijajua nina mimba: mtoto wangu yuko kwenye hatari gani?

Swali: Nina miaka 27, naishi Moshi, na mimba yangu ya kwanza ina wiki 11. Nilijua ikiwa na wiki 7. Kabla ya hapo nilikunywa kwenye harusi mbili. Ya kwanza ilikuwa kama wiki mbili na nusu baada ya hedhi yangu ya mwisho, nikanywa bia tatu. Ya pili ilikuwa wiki ya 6, bia mbili na konyagi kama robo ya glasi kubwa mara mbili hivi, kuanzia jioni hadi usiku wa manane, na tulikula. Tangu nijue sijagusa. Mama mkwe anataka nianze mbege kidogo kidogo kwa ajili ya damu na maziwa, anasema wao wote walizaa kwa mbege. Rafiki yangu anasema hata tone moja linaua ubongo wa mtoto. Nimsikilize nani? Na naogopa kumwambia nesi wa kliniki.

Jibu: Dada, nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa ulivyoeleza, uwezekano mkubwa ni kwamba mtoto wako yuko salama, na jambo lenye faida kuliko yote umeshalifanya: umeacha. Mbege usianze. Nesi mwambie. Sababu zake nakupa hapa chini, maana ukizijua utaweza kumjibu kila mmoja bila ugomvi.

Kliniki huhesabu mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si siku ilipotunga. Kwa hiyo katika wiki mbili za kwanza zilizoandikwa kwenye kadi, mtoto hayupo bado. Harusi yako ya kwanza iliangukia siku ambazo yai lililorutubishwa lilikuwa linasafiri kwenye mrija kuelekea mji wa mimba, halijajishika popote wala halijaungana na damu yako. Madhara makubwa katika siku hizo kwa kawaida huishia mimba kutoka, na ikibaki, huendelea bila viungo kupata kasoro. Hiyo iweke kando. Ya wiki ya 6 ndiyo ya kuzungumza, kwa kuwa kati ya wiki ya 5 na ya 10 ndipo moyo, uso, macho, mikono na figo hupata umbo lake.

Kilevi kilichomo kwenye bia, mbege, mnazi, gongo na mvinyo ni kilekile, ethanoli. Chembe zake ni ndogo na hupenya utando wowote, hivyo kondo la nyuma haliwezi kuzichuja. Baada ya muda wa saa moja hivi, kiwango kilichomo kwenye damu ya mtoto hukaribia cha mama. Ini la mama huvunja kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. La mtoto halijakomaa, karibu halivunji kitu. Mimba ikishakua, mtoto hukojoa sehemu ya kilevi hicho kwenye maji ya uzazi yanayomzunguka, kisha huyameza tena. Kwa hiyo anategemea ini lako limalize kazi, na hakuna cha kuliharakisha: si kahawa, si maziwa, si maji mengi, si kuoga maji ya baridi.

Kinachofanyika mle ndani kilionekana vizuri kwa panya. Mwaka 1981 Kathleen Sulik na wenzake huko North Carolina, Marekani, waliwapa panya wenye mimba pombe nyingi katika siku moja tu, siku ya 7, ambayo kwa binadamu ni sawa na wiki ya tatu tangu mimba itunge, yaani wiki ya 5 ya kadi. Watoto wa panya hao walipata nyuso zenye alama zilezile zinazoonekana kwa watoto wa binadamu walioathirika. Jaribio jingine linafaa kukumbukwa zaidi. Panya wachanga waliopewa pombe kidogo kwa jumla, lakini kwa mikupuo miwili, walipata ubongo mdogo kuliko wale waliopewa pombe nyingi zaidi iliyosambazwa siku nzima. Kwa maneno mengine, kinachoumiza zaidi ni kilele cha kilevi kwenye damu. Mwanamke anayesema "mimi si mlevi, nakunywa Jumamosi tu" lakini Jumamosi hiyo anamaliza bia sita, anamfikishia mtoto kilele hicho.

Sasa tupime ulichokunywa, maana neno "bia mbili" halisemi kitu mpaka uligeuze kuwa gramu. Chukua ujazo kwa mililita, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inatoa gramu 20 hivi. Glasi ya mvinyo ya mililita 150 yenye asilimia 12 inatoa 14. Pombe kali ya asilimia 35, mililita 100, ni gramu 28, na kichupa cha 200 ni 55, karibu sawa na bia tatu. Mbege haina lebo na nguvu yake hubadilika kila pipa, lakini ikiwa na asilimia 4, lita moja ni gramu 32. Mnazi nao uliogemwa asubuhi si ule wa jioni, kwa sababu uchachu hausimami. Jambo jingine linalowapotosha wengi ni hizi nasaha za kutoka nje zinazotaja "kinywaji kimoja". Kwa Marekani kinywaji kimoja ni gramu 14, kwa Uingereza kipimo chao ni gramu 8. Bia yetu moja ya nusu lita ni karibu kinywaji kimoja na nusu cha Mmarekani na vipimo viwili na nusu vya Mwingereza.

Kwa hesabu hiyo, usiku wa harusi ya pili ulikunywa kama gramu 65 hadi 70. Si kidogo. Wamarekani huhesabu gramu 56 kwa mwanamke ndani ya saa mbili kuwa ni unywaji wa kupindukia. Ila wewe ulikunywa kwa saa nyingi na chakula tumboni, hivyo kilele chako kilikuwa chini ya ambacho kingekuwa ungekunywa haraka na njaa. Hatari haikuwa sifuri, na sitakudanganya kwamba ilikuwa sifuri. Lakini ilikuwa mara moja katika wiki hizo za viungo kupata umbo, kisha ikakoma, na ubongo wa mtoto una wiki zote zilizobaki za kujengeka bila pombe. Ubongo hauishii wiki ya 10. Miezi mitatu ya mwisho ndiyo unapokua kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote, ndiyo maana kuacha kuna faida iwe wiki ya 7, ya 20 au ya 34.

Kuhusu "tone moja": ushauri wa rafiki yako ni sahihi, sababu aliyoitoa si sahihi. Hakuna utafiti ulioonyesha kwamba tone linaua ubongo. Kilichopo ni kwamba hakuna aliyeweza kupata kiwango ambacho chini yake mtoto yuko salama kwa hakika. Mwaka 2012 watafiti wa Denmark walipima akili za watoto wa miaka mitano na hawakuona tofauti ya maana kwa wale ambao mama zao walikunywa kidogo. Mwaka 2017 uchambuzi uliokusanya tafiti 26 kuhusu akina mama waliokunywa hadi gramu 32 kwa wiki ulikuta ushahidi ni haba, ingawa ulionyesha uwezekano wa kuzaa mtoto mdogo kuliko umri wa mimba kuongezeka kwa asilimia 8. Watu hushika matokeo kama ya Denmark wakasema "kidogo hakidhuru". Tatizo ni kwamba katika nchi hizo wanaokunywa kidogo mara nyingi ndio wenye elimu na kipato kikubwa, na mambo hayo peke yake humpandisha mtoto alama. Tena wanawake huripoti pungufu ya wanachokunywa, na kipimo cha miaka mitano hakishiki matatizo yanayojitokeza mtoto anapofika darasa la tatu au la nne. Uingereza, iliyokuwa ikiruhusu kidogo, ilibadilisha mwongozo wake mwaka 2016 na kusema wazi: usinywe kabisa.

Na ipo sababu nyingine kubwa ya kutobahatisha. Mwaka 1993 Ann Streissguth na Philippe Dehaene walichapisha uchunguzi wa jozi 16 za mapacha waliozaliwa na akina mama walevi. Jozi 5 za mapacha wa kufanana zote zililingana katika hali ya kuathirika. Kati ya jozi 11 za mapacha wasiofanana, zilizolingana zilikuwa 7 tu. Fikiria hilo: tumbo moja, mama mmoja, chupa zilezile, na bado mmoja anaathirika kuliko mwenzake. Urithi wa mtoto unaamua mengi, lishe na umri wa mama navyo vinachangia. Hivyo mama mkwe wako anaposema "sisi tulizaa kwa mbege na watoto wazima", huenda anasema kweli kwa watoto wake, lakini kweli hiyo haimlindi mjukuu wake.

Kwa ukubwa wa tatizo, makadirio ya dunia yaliyochapishwa mwaka 2017 yanasema karibu wanawake 10 kati ya 100 hunywa wakiwa na mimba, na watoto karibu 8 kati ya 1,000 wana madhara ya pombe ya tumboni, yale ambayo madaktari huyaita kwa kifupi FASD. Afrika Kusini ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote, watoto 111 kati ya 1,000. Hapo pana historia: kwenye mashamba ya mizabibu ya Western Cape, vibarua kwa vizazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, mtindo uliojulikana kama dop. Mtindo wenyewe ulipigwa marufuku, unywaji wa kulewa wikendi ukabaki. Watafiti walipowapima watoto wa darasa la kwanza katika mji mmoja huko mwaka 1997, walikuta zaidi ya 40 kati ya 1,000 wana aina kali kabisa ya tatizo hili. Mama zao wengi hawakuwa wakinywa kila siku. Walikunywa Ijumaa na Jumamosi, kwa wingi, wakiwa wembamba na hawali vya kutosha. Makadirio hayohayo ya dunia yanasema kwa kila wanawake 13 waliokunywa wakiwa na mimba, mmoja alizaa mtoto mwenye FASD. Humo wamechanganywa wote, aliyekunywa mara moja na aliyekunywa miezi tisa, hivyo usiichukue namba hiyo kama yako.

Rudi kwa mama mkwe, kwa sababu jambo hili linahitaji heshima na majibu. Yuko sahihi kwamba unahitaji damu na baadaye maziwa. Kinachojenga damu kwenye mbege ni ulezi, na ulezi unaupata kwenye uji usiochachushwa. Mwambie, "Mama, nipikie uji wa ulezi, kilevi daktari amekikataza." Mara nyingi hilo linapokelewa, kwa sababu humnyang'anyi nafasi yake ya kukulisha. Meza vidonge vya kliniki kila siku. Kwa kawaida kimoja kina miligramu 60 za madini ya chuma na 0.4 za foliki asidi. Vimeze kwa maji au juisi ya chungwa, na chai iwe saa moja au mbili mbali navyo, maana chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Togwa ya jana iliyolala usiku mmoja ina kilevi kidogo mno. Iliyokaa siku kadhaa ikaanza kutoa povu na kuuma ulimi, iache.

Hoja ya maziwa ilipimwa. Mwaka 1991 huko Philadelphia, Julie Mennella na Gary Beauchamp waliwapima watoto wachanga kabla na baada ya kunyonya, siku mama alipokunywa pombe na siku ambayo hakunywa. Siku ya pombe watoto walinyonya kwa haraka zaidi mwanzoni, lakini kwa jumla walipata maziwa pungufu. Mama akimwona mtoto anavuta kwa nguvu hudhani maziwa yamejaa. Kilevi hupunguza homoni inayosukuma maziwa yatoke, na kile kilichomo kwenye damu ya mama kinakuwa pia kwenye maziwa. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara nyingi, mchana na usiku, na mama kula na kunywa vya kutosha. Mtori mzuri unafaa, mbege hapana.

Kwa nesi, ukienda hudhurio lijalo sema hivi, kwa kifupi: "Nilikunywa pombe mara mbili kabla sijajua nina mimba, mara ya mwisho wiki ya 6, bia mbili na pombe kali. Nimeacha." Omba iandikwe kwenye kadi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, linawataka wahudumu wamuulize kila mjamzito kuhusu pombe, tena katika kila hudhurio, kwa hiyo humpi jambo geni. Ukikutana na anayekukaripia, muombe mwenzake au daktari. Taarifa ni ya mtoto na lazima ifike kwenye faili. Ultrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22 ifanye, itaangalia moyo, figo, uti wa mgongo na midomo. Ila isikupe hofu wala uhakika usio wake: madhara ya pombe kwenye ubongo hayaonekani kwa kipimo hicho. Dawa ya kufuta kilichopita haipo. Yapo majaribio ya kirutubisho kiitwacho kolini. Huko Cape Town wajawazito wanaokunywa sana walipewa gramu 2 kwa siku, na watoto wao walikua na kujifunza vizuri kidogo kuliko wa wenzao. Bado si tiba ya kawaida, lakini kolini inapatikana kwenye mayai, samaki na maharage, na yai moja kubwa lina kama miligramu 150, theluthi moja ya mahitaji ya siku ya mjamzito. Maini yana kolini pia, ila yana vitamini A nyingi mno. Yasiwe chakula cha kila siku.

Hapa niseme na mwingine anayesoma, ambaye hali yake si kama yako. Kama mikono hutetemeka asubuhi, kama unatoka jasho na huwezi kuanza siku bila kuzimua, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa huanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24, na degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Degedege kwa mjamzito ni hatari kwa wote wawili. Nenda hospitali yenye kulaza wagonjwa. Wataalamu hutoa dayazepamu kwa siku chache ikipunguzwa taratibu, pamoja na vitamini B1, wakikuangalia wewe na mapigo ya moyo wa mtoto. Maswali manne hutosha kujijua: Unahitaji zaidi ya vinywaji viwili ndipo usikie? (alama 2) Kuna watu wamekuudhi kwa kukusema kuhusu pombe? (1) Umewahi kuona inabidi upunguze? (1) Umewahi kunywa asubuhi ili utulie? (1) Ukipata alama 2 au zaidi, zungumza na mtaalamu wiki hii. Na mume naye ahusike, kwa sababu nyumba ambayo friji imejaa bia kila wikendi inamwachia mke mzigo wote wa kujizuia.

Mtoto akizaliwa, hakikisha vipimo vitatu vimeandikwa: uzito, urefu na mzunguko wa kichwa. Kichwa mara nyingi husahaulika, na ndicho kipimo cha bei rahisi kuliko vyote cha ukuaji wa ubongo. Kinapimwa kwa futikamba isiyovutika, juu kidogo ya nyusi kuzunguka mahali palipochomoza zaidi kisogoni, mara mbili, na namba kubwa ndiyo huandikwa. Kwa kuwa kichwa hubanwa wakati wa kuzaliwa, kipimo kirudiwe baada ya siku moja au zaidi. Kwa mtoto mchanga aliyezaliwa mimba ikiwa imetimiza miezi tisa, sentimita 34 hadi 35 ni wastani. Chini ya 31.5 kwa msichana au 31.9 kwa mvulana, daktari wa watoto amwone.

Alama za usoni za madhara ya pombe ya tumboni ni tatu: mpasuko wa macho mfupi, kifereji kati ya pua na mdomo kilicholainika, na mdomo wa juu mwembamba. Zilielezwa na Paul Lemoine huko Nantes, Ufaransa, mwaka 1968, na Kenneth Jones na David Smith wa Seattle wakaipa hali hiyo jina mwaka 1973. Mdomo na kifereji hulinganishwa na picha tano za ngazi, na upo mwongozo wa pili uliotengenezwa kwa Wamarekani weusi. Mtoto wa Kiafrika akilinganishwa na picha za Wazungu, mdomo wake utaonekana mnene na tatizo litapita bila kuonekana. Lakini usitegemee uso. Takriban mmoja tu kati ya kumi walioathirika ndiye mwenye alama hizo zote. Wengine wana sura ya kawaida kabisa, na tatizo huonekana kwenye tabia: ananyonya kwa shida na halali vizuri akiwa mchanga, baadaye anajua jambo leo na kesho amelisahau, hesabu na saa vinamshinda, anafanya kosa lilelile baada ya kuadhibiwa mara kumi kwa sababu ubongo wake hauunganishi tendo na matokeo. Huyo huitwa mtundu au kichwa kigumu, na huchapwa kwa kitu asichoweza. Uchunguzi wa Seattle wa mwaka 1996 uliofuatilia watu 415 ulikuta kwamba waliogunduliwa kabla ya miaka 6 na kulelewa katika nyumba tulivu walipata matatizo machache zaidi ya shule na sheria ukubwani.

Kwa hiyo kadi ya mtoto wako ihifadhi, hata akiwa mzima kabisa. Mpeleke kupimwa kila mwezi, na kila mara uliza kichwa kimefika sentimita ngapi. Akifika miezi 9 bila kukaa mwenyewe, au miezi 18 bila kutembea, usisubiri "atakua tu". Mpeleke kwa daktari wa watoto, na kadi hiyo yenye maelezo ya pombe iwe mkononi.